Mama Hahesabu Mchele

Mama yangu amepika kwenye shughuli za Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa zaidi ya miaka thelathini. Harusi, hitima, akika, maulidi, arobaini. Mwenye shughuli akija kuagiza huanza na mchele, maana mchele ndio unaopendeza kutajwa: magunia mawili, tena wa Kyela. Mama humwacha ajisifu mpaka achoke. Halafu huuliza swali moja tu: "Nyama kilo ngapi?" Akishajibiwa ndipo hutaja idadi ya watu watakaokula wakaridhika. Hata umwongezee gunia la tatu la mchele, idadi yake haisogei kwa mtu mmoja.

"Mchele haujapata kuniaibisha," husema. "Huniaibisha kile kinachokwisha kwanza."

Nimekua naisikia kauli hiyo bila kuitia maanani. Niliikumbuka ndani ya Noah ya kukodi, katikati ya nyasi zilizotuzidi kimo, shemeji yangu akilalamika.

Ilikuwa Idi el-Fitr ya 2019, iliyoangukia mwanzoni mwa Juni. Shemeji alikuja kutoka Dar na wanawe wawili, akatangaza kwamba safari hii hatutakula ubwabwa tukalala, twende mbugani. Tukashika njia ya Pangani, tukavuka mto kwa kivuko, tukaambaa na pwani kwenda kusini hadi Mkwaja na kuingia Saadani. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa nchini inayokutana na Bahari ya Hindi uso kwa uso: upande huu kongoni, upande ule ngalawa.

Masika ndiyo kwanza yamekatika. Nchi ilikuwa kijani mpaka macho yanachoka. Kwa saa nne tuliona ngiri kadhaa, twiga watatu, kuro mmoja aliyetutazama kama wadai wake, kongoni wachache kwa mbali, na kinyesi cha tembo, kibichi kabisa, tembo mwenyewe hayupo. Shemeji mwaka uliotangulia alikuwa amepelekwa Serengeti na ofisi yake, kwa hiyo alikaa kimya, kimya cha mtu aliyelipa kiingilio. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Nyasi zote hizi! Wanyama wako wapi?"

Kijana aliyekuwa akituongoza alijibu kwa adabu kwamba nyasi zikiwa ndefu wanyama hawaonekani. Ni kweli. Lakini nilihisi ni nusu ya jibu, na kwa kuwa mimi ni karani tu, si mtaalamu wa wanyama, nusu ya pili ilinibidi niitafute jioni baada ya kazi, kidogo kidogo, kwa miaka. Shemeji amekwisha sahau kama aliuliza.

Jibu lenyewe linaudhi kwa urahisi wake: nyasi nyingi si chakula kingi. Pwani yetu inapata mvua nyingi, na sehemu kubwa ya udongo wake ni wa kichanga, ambao mvua huuosha rutuba mwaka baada ya mwaka. Nyasi hukua haraka, hurefuka, hukomaa, hujaa nyuzi. Mnyama anaweza kujaza tumbo lake mpaka likakaza kama ngoma na bado mwili wake ukakosa protini na madini. Nyanda za kusini mwa Serengeti ni kinyume chake. Mvua ni haba, nyasi ni fupi kama za uwanja wa mpira, lakini zimeota juu ya majivu ya volkano za kale, na ndani yake mna fosforasi na chokaa anavyovihitaji nyumbu jike anayenyonyesha. Pale sinia ni dogo lakini lina nyama. Kwetu sinia limejaa ubwabwa mpaka unamwagika.

Ndiyo maana si kila mnyama anaumizwa sawasawa na nchi kama ya Saadani. Tembo na nyati wana matumbo makubwa. Nyati hukaa na majani magumu muda mrefu tumboni na kukamua humo kile kidogo kilichomo; tembo huyapitisha haraka, ila hula mengi mno. Swala mdogo hana nafasi hiyo. Tumbo lake dogo linataka jani changa, chipukizi, kitu laini, na vitu hivyo ni vichache hata kama nchi nzima ni ya kijani. Nyasi zikichomwa moto, machipukizi yakitokeza juu ya majivu, utawaona wanyama wamekusanyika pale kana kwamba wamepigiwa baragumu. Wamefuata nyama ndani ya ubwabwa.

Mkwaja penyewe pana historia ya jambo hili. Tangu miaka ya 1950 hadi 2000 palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe. Mtu aliyetazama majani yale angedhani ng'ombe watajaa mpaka wafike baharini. Haikuwa hivyo: palikuwa na mbung'o, wale nzi wanaowaambukiza ng'ombe maradhi, palikuwa na vichaka vya miiba vilivyozidi kutambaa malishoni, na palikuwa na majani yaleyale yenye sura nzuri kuliko lishe. Ardhi ile baadaye ikaingizwa hifadhini. Katika nyika zetu, mahali walipolala ng'ombe miaka mingi samadi hubaki udongoni muda mrefu baada ya zizi kuvunjwa, na majani yake huwa mafupi na matamu. Wanyama pori hupajua. Nimependa sana hilo, kwamba zizi lililokufa linaweza kuwa mgahawa wa ngiri.

Ila kuna swali ambalo mama angeuliza hapo hapo: chakula cha lini? Juni kila kitu kinapendeza. Idadi ya wanyama haipimwi Juni. Hupimwa mwishoni mwa kiangazi, vidimbwi vimekauka, majani yamebaki mabua, na kila mmoja anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Mwezi ule mmoja ndio unaoamua watabaki wangapi. Miezi kumi na moja ya neema haiwezi kufuta hesabu yake.

Ushahidi wa hili ninaoupenda kuliko wote umetoka Serengeti, na sehemu yake imeandikwa na Mtanzania mwenzetu, Dakta Simon Mduma, pamoja na wenzake Anthony Sinclair na Ray Hilborn. Kwanza hadithi yenyewe. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki kama moto, ikaua ng'ombe, ikaua nyati, ikaua nyumbu. Ugonjwa ule haukuondoka; ulibaki ukizunguka kati ya mifugo na wanyama pori, ukila ndama kila mwaka. Ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walipochanjwa katika miaka ya 1950 na 1960, sotoka ikatoweka hata kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewachoma sindano. Mwaka 1961 walikuwa kama robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1.2.

Halafu wakasimama. Hapakuwa na ugonjwa mpya, wala simba hawakuongezeka ghafla kiasi cha kuwazuia. Walifika mahali ambapo majani ya kiangazi, yakigawanywa kwa midomo iliyopo, hayakutosha mdomo mmoja zaidi. Ukame mkali wa 1993 ukawashusha chini ya milioni moja, kisha wakapanda tena.

Watu walijuaje kwamba ni njaa na si simba? Mzoga wa nyumbu ukiukuta, fisi na tai wamekwisha upitia; nani ataapa kwamba simba hakumuua? Watafiti waliuvunja mfupa. Mnyama mwenye njaa hula akiba yake kwa utaratibu: humaliza mafuta ya chini ya ngozi, kisha ya kuzunguka figo, na ya mwisho kabisa ni uboho wa ndani ya mifupa. Uboho wa nyumbu mwenye afya ni mweupe, mzito, wa mafuta. Wa aliyekufa njaa ni kitu cha utelezi, kama maji ya bamia. Sehemu kubwa ya nyumbu wale walikuwa na mifupa ya njaa. Na hata aliyekamatwa na fisi, mara nyingi fisi alimalizia kazi iliyokwisha anzwa na kiangazi.

Hapa nijikate kidogo, maana nimewahi kulieleza jambo hili barazani nikafika mbali kupita kiasi, mzee mmoja akanirudisha. Alisema, "Kwa hiyo simba ni mapambo?" Hapana. Katika Serengeti hiyohiyo, swala wadogo kama taya karibu wote huishia midomoni mwa walao nyama, kwa sababu kila mwenye meno, kuanzia mbweha hadi simba, anaweza kuwala. Ukubwa wa mwili ukivuka kilo 150 hivi, maadui hupungua haraka na njaa hushika usukani. Tembo na kiboko wazima hawamwogopi simba, wanaogopa Oktoba. Na nyumbu ana ujanja wa kuhama: simba ana himaya na watoto mafichoni, hawezi kumfuata safari nzima.

Sasa tuzungumze juu ya sinia, maana kugawana kidogo kilichopo nako kuna namna zake.

Tulipokuwa watoto tulikaa wanane kwenye sinia moja la pilau. Tukiwa rika moja, wote miaka minane au tisa, ilikuwa ni mbio. Hakuna aliyeweza kulinda chochote. Kila mkono uliingia, nyama ilipotea kabla hujamaliza kusema bismillahi, na wote tuliinuka nusu tumbo. Ila alipokaa nasi binamu yangu mkubwa, mambo yalikuwa mengine. Alichora mpaka kwa kidole katikati ya wali. Upande wenye nyama ulikuwa wake. Yeye alishiba, na mdogo wake aliyemwogopa kidogo alishiba kiasi, na sisi wa mwisho tuliramba vidole vyenye harufu ya bizari.

Wanyama nao wako hivyo hivyo. Nyumbu hula kwa mbio, kwa kuwa hakuna nyumbu awezaye kusimama na kuulinda uwanda wa Serengeti. Simba hula kwa mpaka: kundi likishakamata eneo lenye maji na maficho, wengine wanaobaki bila eneo huzurura, hukonda, aghalabu hawazai. Na tofauti hii hubadilisha sura ya idadi yenyewe. Wenye mipaka hawapandi wala kushuka sana. Wanaokufa ni wale wale wa ukingoni kila mwaka. Wa mbio wanaweza kupanda mno na kuanguka kwa pamoja.

Mtu mmoja huko Australia, A. J. Nicholson, aliliona hili kwa nzi wa buchani, nao si viumbe wa kuwasimulia wageni, lakini nivumilie. Aliwafuga ndani ya vizimba, akawapa mabuu ini kiasi kilekile kila siku, bila kuongeza wala kupunguza. Nzi wazima wakawa wengi, wakataga mayai mengi mno, mabuu yakagombania kipande kile mpaka hakuna buu aliyepata kiasi cha kumtosha kugeuka nzi. Wakafa karibu wote. Nzi wazima nao wakapungua, mayai yakawa machache, mabuu machache yakashiba, nzi wakafurika tena. Chakula hakikubadilika hata siku moja, idadi ikapanda na kushuka kama mawimbi. Nicholson alichapisha kazi ile mwaka 1954. Mimi nikisoma niliona kabisa sinia letu la wanane.

Kinachogombaniwa si lazima kiliwe. Maji yakipwa pale Raskazone utawaona wale kaa wadogo wanaovaa makombe ya konokono waliokufa. Chakula wanacho tele. Wanachokosa ni nyumba. Kaa akikua, kombe humbana, na akikosa jingine hudumaa au huliwa. Huko Marekani mtafiti aliongeza makombe matupu ufukweni, na kaa wakaongezeka. Wana hata utaratibu wa kupanga foleni kwa ukubwa: kombe kubwa likipatikana, mkubwa huhamia humo, wa pili huchukua lake, wa tatu la wa pili, mpaka mdogo wa mwisho. Tangu nijue hivyo nimeacha kuokota makombe ya kupambia dirisha. Mwanangu ameniona mjinga.

Na mara nyingine vitu viwili vyote vipo, ila haviko pamoja. Mkomazi, huku kwetu juu ya Korogwe na Lushoto, imepakana na Tsavo ya Kenya, na tembo huvuka kuja wakati wa mvua na kurudi kiangazi. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo Tsavo. Kabla ya hapo palikuwa na ubishi mkubwa: mwanasayansi Richard Laws alitaka tembo wapunguzwe kwa bunduki, mlinzi mkuu David Sheldrick akataka waachwe. Ukame haukumsubiri yeyote kati yao. Majani yalikuwepo mbali na maji, maji yalikuwepo mbali na majani. Madume, wasio na watoto wa kuwarudisha nyuma, waliweza kwenda mbali. Majike wenye ndama walibaki karibu na mito, wakamaliza kila kijiti kilichokuwepo, wakafa wao kwa wingi. Mtu anayesema "tembo walikuwa wengi mno" na mtu anayesema "maji yalikuwa machache mno" wanagombania sentensi moja.

Lakini mnyama aliyenifundisha zaidi yuko juu ya bati la nyumba yetu, na simpendi.

Mwaka juzi nilinunua vifaranga kumi na wanane wa kienyeji. Mwezi ulipoisha walibaki watano. Paka alisingiziwa, jirani akanuniwa, mpaka asubuhi moja nilipomwona kunguru akishuka, akamdaka mmoja, akapaa naye mpaka kwenye mwarobaini bila haraka yoyote. Ni wale wenye shingo ya kijivu, waliotoka Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakavuka, wakaenea pwani yote. Tangu hapo wameiba mayai, wamevunja viota vya ndege wengine, na yule kunguru wetu wa asili, mwenye fulana nyeupe kifuani, hapa mjini simwoni tena. Mpaka nitoke kuelekea Pangani ndipo namkuta. Wote wawili wanataka kitu kilekile, taka na mizoga na mayai ya wenzao, na mgeni anakitaka kwa makundi.

Vijana wa mtaani walijaribu manati. Unguja na Dar es Salaam serikali ilitumia sumu ndani ya nyama, kunguru wakafa wengi, na kazi ilipolegea wakarudi. Zamani ningesema ni ndege wa laana. Sasa naona ni hesabu ya sinia. Ukiwaondoa nusu, jalala halijapungua. Kila aliyebaki amepata fungu la wawili. Atataga, na makinda yake ambayo mwaka jana yangekufa njaa mwaka huu yatakua. Ukiua wanaokula bila kugusa chakula, umewasaidia waliobaki.

Nyuma ya barabara yetu palikuwa na jalala lililotupwa hata utumbo wa samaki. Lilipohamishwa sikuona mzoga wa kunguru hata mmoja, hakuna aliyerusha jiwe, lakini miezi michache baadaye kelele za alfajiri kwenye mwarobaini zilikuwa zimepungua waziwazi. Wamehamia wapi nafahamu, kwa kuwa rafiki yangu anayekaa karibu na jalala jipya ameacha kufuga kuku.

Idi iliyopita shemeji alikuja tena. Safari hii hatukwenda popote. Kulikuwa na shughuli mtaani na mama alikuwa jikoni, amekalia kibao, miaka yake sabini na ushei, akisimamia wasichana wanaochambua mchele. Shemeji akachutama kumwonyesha kwenye simu video ya nyumbu wakivuka mto, maelfu, vumbi tupu.

"Shikamoo mama, ebu ona hawa."

"Marahaba. Wengi hawa," mama akasema. Akatazama tena. "Na kiangazi wanakula nini?"

Shemeji akanigeukia. Nikamweleza mama kwamba wanahama, wanakwenda kaskazini mpaka Mara, ambako hata kiangazi mvua kidogo huendelea na mto haukauki, na kwamba wasiojiweza hufia njiani, na watu wakivunja mifupa yao hukuta uboho umegeuka maji. Nilidhani nimemletea habari.

"Kama ng'ombe wa mnadani wa mwezi wa kumi," akasema. "Mifupa yake mimi siipikii supu."

Akarudisha simu, akamwita kijana aliyeleta nyama kutoka buchani, akamuuliza kama zile kilo amezipima na mifupa.